Mfuko Uliofunguliwa Wiki ya Kumi na Tatu: Uchambuzi wa Kisa cha TB, Virusi vya Ukimwi na Sukari

Mgonjwa ni mama wa miaka 38, muuza mboga, mkazi wa Kayole, Nairobi. Ana virusi vya Ukimwi na amemeza TLD kwa miaka minne: tembe moja kila usiku yenye tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50. Kipimo cha mwaka jana kilionyesha virusi havionekani kwenye damu. Ana kisukari cha aina ya pili, nacho anakitibu kwa metformini miligramu 500 mara mbili kwa siku na glibenklamaidi miligramu 5 asubuhi. Mkononi ana kijiti cha kupanga uzazi, alichowekwa mwaka uliopita kwenye kambi ya matibabu ya siku moja uwanjani mtaani. Kijiti hicho hakijaandikwa kwenye faili yoyote.

Kisa kimeundwa kwa ajili ya kufundishia, kwa kuunganisha makosa ambayo wahudumu wa Nairobi watayatambua mara moja. Hakuna mgonjwa mmoja nyuma yake. Ndani yake hakuna mzembe wala mjinga, na hiyo ndiyo sababu kinafaa kuchambuliwa.

Mama huyu anahudumiwa katika sehemu nne. TB na sukari anatibiwa katika kituo kimoja karibu na nyumbani, ila ni vyumba viwili na siku mbili tofauti za kliniki. CCC yake, yaani kliniki ya wenye virusi vya Ukimwi, iko upande wa pili wa jiji, matatu mbili kutoka kwake, na aliichagua makusudi ili asikutane na majirani kwenye benchi. Sehemu ya nne ni duka la dawa lililo karibu na stejini. Nyaraka zake nazo ni tatu: kadi ya TB, kadi ya CCC ambayo haitoki nyumbani ila siku ya CCC, na daftari la shule la kurasa 48 ambamo kliniki ya sukari huandika kila kitu. Watu wote wanaomhudumia anawaita "daktari": klinikal ofisa, mfamasia, mtaalamu wa lishe, hata kijana wa maabara anayemtoa damu. Akisema "nilishamwambia daktari", anasema kweli. Kwake yeye koti jeupe ni moja, na waliolivaa bila shaka huzungumza wao kwa wao.

Wiki ya kwanza alifika akiwa na kikohozi cha wiki tatu na jasho la usiku. Makohozi yalipimwa kwa mashine ya GeneXpert, yakaonyesha vimelea vya TB visivyo sugu kwa rifampisini. Uzito ulikuwa kilo 52, kwa hiyo akaanzishiwa tembe tatu kwa siku za mchanganyiko wa dawa nne (rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli) pamoja na pairidoksini ya kulinda neva. Kwenye kadi ya TB kuna kisanduku kinachouliza kama mgonjwa mwenye virusi anatumia ARV, yaani dawa za virusi kama TLD. Kilitiwa alama ya ndiyo. Nesi akamwambia, "Zile zako za CCC endelea nazo vilevile." Kosa la kwanza ni hilo neno "vilevile".

Rifampisini huliamsha ini liyavunje kwa kasi makundi mengi ya dawa, dolutegraviri ikiwemo. Kwa hiyo anayetumia TLD akianzishiwa rifampisini huongezewa dolutegraviri nyingine ya miligramu 50, saa kumi na mbili baada ya TLD, na huendelea nayo hadi wiki mbili baada ya tembe ya mwisho ya rifampisini, kwa sababu ini halirudi kasi yake ya kawaida siku ileile. Nesi wa TB alijua ARV ni muhimu. Klinikal ofisa alijua kuhusu kuongeza dozi. Lakini kisanduku kiliuliza kama anatumia, hakikuuliza anatumia zipi, na kilipotiwa alama kila mmoja akaona suala hilo limekwisha. Dolutegraviri ya peke yake haikuwa kwenye rafu ya kituo, kwa hiyo hata macho hayakukumbushwa.

Wiki ya tano, kliniki ya sukari. Sukari kabla ya kula ilikuwa milimoli 13.8 kwa lita. Ugonjwa wa TB wenyewe hupandisha sukari, na rifampisini hupunguza nguvu ya glibenklamaidi kwa njia ileile ya ini. Mhudumu wa sukari aliona daftari, na daftari halina TB wala ARV. Akafanya ambacho angefanya kwa mgonjwa yeyote wa namna hiyo: akaongeza metformini hadi gramu moja mara mbili kwa siku. Kwa mtu anayetumia dolutegraviri, jumla ya metformini haipaswi kuzidi gramu moja kwa siku nzima. Dolutegraviri huzuia njia ambayo figo hutumia kuitoa metformini. Kwa dolutegraviri ya mara moja kwa siku, kiasi cha metformini mwilini hupanda kwa karibu asilimia 80, na kwa dolutegraviri ya mara mbili hufika zaidi ya maradufu. Mama sasa alikuwa anameza gramu mbili.

Wiki ya saba kichefuchefu kilianza, kikafuatwa na kuhara na kiungulia. Muuzaji wa duka la dawa alimuuzia tembe za kutafuna za kutuliza asidi, zenye magnesiamu na alumini. Akawa anazitafuna saa tatu usiku, pamoja na TLD, kwa kuwa ndio wakati tumbo linamsumbua. Madini hayo hushikamana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isifyonzwe. TLD ingepaswa kumezwa saa mbili kabla ya dawa ya asidi, au saa sita baada yake. Dolutegraviri iliyokuwa tayari inavunjwa na rifampisini sasa ilikuwa haiingii vizuri tangu mwanzo.

Wiki ya nane, makohozi hayakuonyesha vimelea, akahamishiwa kwenye rifampisini na isoniazidi za miezi minne iliyobaki. Alieleza kwamba anatapika. Klinikal ofisa wa TB akashuku ini, na alikuwa sahihi kushuku. Kipimo cha ini, ALT, kikatoka sawa, akaandika "madhara ya kawaida ya dawa za TB, atazoea".

Wiki ya kumi alikwenda CCC kuchukua dawa za miezi mitatu na kutolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Nesi alimuuliza yale maswali manne ya uchunguzi wa TB: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Kikohozi kilikuwa kimeisha, jasho limekauka. Alijibu hapana. Hakuulizwa kama yuko kwenye dawa za TB, na yeye hakusema, maana alidhani wanajua. Uchunguzi unaotafuta TB humkosa mgonjwa ambaye tayari anatibiwa, na kadiri dawa zinavyofanya kazi ndivyo anavyozidi kukosekana. Tembe zake zilihesabiwa, zikabaki tisa zaidi ya hesabu: zile za siku alizotapika. Majibu yaliporudi wiki ya kumi na mbili, virusi vilikuwa 2,140 kwa mililita. Faili ikapigwa muhuri wa "hamezi dawa vizuri" na akapangiwa vikao vya ushauri nasaha. Kikao cha kwanza kilikuwa cha karipio.

Hapo hasara kubwa si ile namba. Ni kwamba mama aliyekuwa anajitahidi kumeza kila alichopewa na kila mlango sasa alikuwa ameandikwa kuwa mkaidi, na mtu akishaandikwa hivyo, kila dalili inayofuata itasomwa kupitia neno hilo.

Aliyeufungua mfuko ni CHP, yule mhudumu wa afya wa mtaani, aliyemtembelea wiki ya kumi na tatu kama sehemu ya kufuatilia wagonjwa wa TB. Hakuwa na elimu ya dawa. Alifanya kitu kimoja: aliomba aone zote. Mama akamwaga mfuko wa kitambaa juu ya kitanda. Paketi za TB, bahasha za sukari, tembe za kutafuna, na chupa moja nyeupe iliyobanduliwa lebo na kuwekwa pamba ndani isilie ikitikiswa. CHP hakuuliza ile chupa ni ya nini. Aliuliza zote zinamezwa saa ngapi.

Angeweza kumpigia nesi wa TB na kusema, "Sista, huyu mama wetu hayuko sawa," na sista angejibu, "Mwambie aje Jumatatu." Simu nyingi za mtaani huishia hapo. Simu iliyofanya kazi ilikuwa na sehemu nne, zilezile ambazo mafunzo ya makabidhiano hufundisha kila kada: hali, historia, tathmini, ombi.

"Sista, ni mimi CHP. Niko kwa mama wa TB, wa wiki ya kumi na tatu. Anatapika na kuhara kwa wiki sita, amekonda. Nimeona dawa za aina tano: za TB, za sukari aina mbili, tembe za kutafuna za tumbo, na chupa moja haina lebo. Ile chupa na za kutafuna anameza pamoja saa tatu usiku. Naona kama dawa zinagongana. Naomba mtu wa dawa aangalie mfuko wote kabla ya Ijumaa, na nimemwambia aje nao."

Jambo la kuangaliwa ni lile ombi. Lina mtu, kazi na siku. Bila ombi, taarifa hugeuka habari tu. Vilevile tathmini yake, "naona kama dawa zinagongana", haikuwa ya kitaalamu lakini aliisema. Mtu wa cheo cha chini huitoa hali na historia bila shida, tathmini ndiyo humezwa, kwa kuogopa kuulizwa, "Wewe nani?"

Kikao cha kuuangalia mfuko kilifanyika Alhamisi saa ya chakula cha mchana, kwa dakika 25. Kabla ya kuanza, nesi wa TB alimuuliza mama faraghani ni nani anayeruhusiwa kujua nini. Hii si adabu tu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu kuzuia na kudhibiti Ukimwi inalinda siri ya hali ya mtu, na ushirikiano wa kada haufuti sheria hiyo. Mama alikubali mhudumu wa sukari na mfamasia wajue, na CCC ipigiwe simu mbele yake. Kuhusu CHP alisema hapana, kwa kuwa wanaishi ploti jirani. Basi CHP alizungumza wa kwanza, akaeleza alichokiona, akashukuriwa, akatoka. Mpangilio huo ulilinda siri, na pia ulimpa nafasi ya kusema kabla ya wenye vyeo.

Mfuko ulimwagwa mezani. Mfamasia alichukua kama dakika nne kuona mgongano wa metformini na dolutegraviri, na mwingine wa dolutegraviri na dawa ya asidi. Mtaalamu wa lishe ndiye aliyegundua kwamba metformini ya asubuhi ilikuwa inamezwa tumbo tupu, kwa sababu mama hutoka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua mboga na hula saa nne. Mteknolojia wa maabara alisema kitu ambacho hakuna mwingine angekikumbuka: kabla dolutegraviri haijaongezwa, kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe leo, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuipandisha kidogo bila figo kudhurika, na mtu asiyejua ilianzia wapi ataisimamisha metformini au tenofoviri bila sababu. Nesi wa CCC, kwenye spika ya simu, alifuta yale maneno ya ukaidi kwenye faili. Kisha nesi wa TB akauliza, "Mama, unapanga uzazi kwa njia gani?" Akaonyesha mkono. Kimya kikatanda mezani. Rifampisini hupunguza nguvu ya kijiti pia, na kwa wiki kumi na tatu hakuna aliyeuliza, kwa kuwa uzazi wa mpango una mlango wake. Kipimo cha mimba kilikuwa hasi. Ilikuwa bahati.

Mpango uliandikwa kwenye karatasi moja. TLD saa tatu usiku, dolutegraviri ya pili saa tatu asubuhi. Tembe za kutafuna zisimame. Metformini irudi miligramu 500 mara mbili, asubuhi ihamie saa nne na chakula. Glibenklamaidi iachwe, kwa maana dawa ambayo nguvu yake itashuka na kupanda pamoja na rifampisini ni mtego: siku TB itakapoisha, dozi ileile inaweza kumwangusha kwa sukari ya chini. Mahali pake iwekwe insulini ya muda wa kati, vizio 10 usiku kwa kilo zake 50, ikihifadhiwa kwenye chungu cha udongo chenye maji kwa kuwa hana friji. Kuhusu uzazi alielezwa sindano ya miezi mitatu na koili ya shaba, ambazo rifampisini haizigusi. Akachagua kubaki na kijiti na kuongeza kondomu hadi wiki nne baada ya rifampisini. Virusi vipimwe tena baada ya miezi mitatu. Uzito upimwe kila mwezi, maana akifika kilo 55 tembe za TB zitakuwa nne badala ya tatu, na wagonjwa wa TB wanaopona hunenepa.

Kila mstari uliandikwa jina la kada moja. Mstari wenye kada mbili ulipigwa kalamu ukaandikwa upya.

Kisa hiki hakikusababishwa na upungufu wa elimu. Kila ukweli uliohitajika ulikuwa kichwani mwa mtu fulani tangu wiki ya kwanza. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuangalia mfuko mzima, na meza ya kuumwaga. Kutoka kwenye kikao kama hiki watu husema "tuwe na moyo wa ushirikiano". Moyo walikuwa nao. Hawakuwa na dakika 25 zilizo kwenye ratiba. Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025, vituo vingi vimekuwa vikiunganisha CCC na kliniki za kawaida, na wengi wanadhani hilo litamaliza tatizo lenyewe. Kwa mama huyu, TB na sukari zilikuwa jengo moja kwa wiki zote hizo.

Mzizi uko nyuma zaidi, shuleni. Pembeni ya Hospitali ya Kenyatta kuna KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, na kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wa uuguzi, famasia, maabara, lishe, kliniki na udaktari hupita barabara ileile na kula kwenye vibanda vilevile, lakini wengi wao hukutana kikazi mara ya kwanza kwenye wadi, tayari kila mmoja ana cheo chake. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa elimu ya pamoja ya kada mbalimbali mwaka 2010, na kiini chake ni kujifunza kuhusu wengine, kutoka kwao na pamoja nao. Kuwajaza kada sita ukumbi mmoja wasikilize mhadhara mmoja kunatimiza hilo la "pamoja" peke yake.

Kisa hiki hufundishwa vizuri kwa wanafunzi sita, mmoja kila kada, kwa dakika 90. Kila mmoja hupewa karatasi moja tu, ile ambayo kada yake ingeiona kikweli: kadi ya TB, daftari la sukari, kadi ya CCC, fomu ya maabara, risiti ya duka la dawa, maelezo ya ziara ya nyumbani. Kwa dakika 12 huandika peke yao watakachobadilisha. Karibu wote huandika kitu cha busara, na karibu vyote vina madhara vikifuatwa. Mwanafunzi wa sukari huongeza metformini. Wa CCC hupanga ushauri nasaha. Karatasi hizo hukusanywa na kuwekwa kando, zisirekebishwe. Baada ya hapo ndipo mfuko wenye paketi tupu halisi humwagwa mezani, na kuzungumza huanza kwa mwenye maelezo ya nyumbani na kuishia kwa mwanafunzi wa udaktari. Kundi hutoa orodha moja ya dawa yenye saa. Mwisho husomewa zile karatasi za mwanzo, kila mtu yake.

Penye kuharibika panajulikana. Mwanafunzi wa udaktari huanza kugawa kazi kabla ya zamu yake, na wengine humwachia. Wa famasia huuona mgongano mapema, halafu hunyamaza hadi aulizwe. Mwezeshaji akimuuliza kwa jina, somo la kunyamaza limepotea, kwa hiyo subira ya dakika mbili ngumu ni bora. Mwezeshaji akiwa daktari peke yake, kikao hugeuka raundi ya wadi. Wawili wa kada tofauti watosha, na mmoja wao awe na rekodi ya kuwahi kumpinga mwenzake bila ugomvi. Kuna na jambo la kiofisi ambalo limeua mafunzo haya mara nyingi kuliko ubishi wote: kila baraza la kada lina kitabu chake cha mazoezi ya mwanafunzi, na kikao kisicho na mstari wa kutiwa sahihi kitabuni ni kikao atakachokikimbia wiki ya pili. Heri kukiingiza chini ya kipengele kilichopo, kwa muuguzi kama mpango wa utunzaji, kwa mfamasia kama mapitio ya dawa, kuliko kusubiri mitaala sita ibadilishwe.

Wiki ya ishirini na sita, virusi vya mama havikuonekana tena. Sukari kabla ya kula ilikuwa 8.1, kilo 56, tembe za TB zilikuwa zimeshaongezwa hadi nne. Katikati palitokea pengo la siku sita bila dolutegraviri ya asubuhi: ilitolewa na CCC pekee, mstari wake ulikuwa na jina la kada moja kama ilivyoamuliwa, na mfamasia wa CCC, mwenye mstari huo, alikuwa likizo. Karatasi sasa ina safu ya tatu, ya anayeshika zamu. Chini kabisa kuna tarehe mbili zilizozungushiwa wino mwekundu: ya tembe ya mwisho ya rifampisini, na ya wiki mbili baadaye, siku ambayo dolutegraviri ya asubuhi itaachwa na dozi ya insulini itapimwa upya.